Mikono Iliyotakata

Wasomaji wangu mmenizoea nikilalamika. Nimelalamika hapa juu ya tuktuk zinazojipenyeza kwenye vichochoro vya Mji wa Kale visivyowatosha hata mbuzi wawili, juu ya mifereji inayokohoa upepo badala ya maji, juu ya wageni wanaopiga picha milango yetu wasiwasalimie walio ndani. Leo nguvu za kulalamika sina. Jumamosi iliyopita, kabla ya adhuhuri, spika ya msikiti wa mtaani ilitangaza maiti, nami sikuhitaji kungoja mtangazaji alimalize jina la babake, nilikuwa nimeshajua ni nani. Alikuwa msichana wa kidato cha nne, binti wa jirani yangu wa ukuta mmoja, ambaye karibu kila alasiri alikuja kusoma kwenye dirisha langu la juu kwa kuwa kwao hapakuwa na pembe iliyotulia. Alizikwa baada ya alasiri ya siku hiyo hiyo. Mimi ni miongoni mwa wanawake walioingia kumuosha, na nilipoushika mkono wake wa kulia nilishtuka, kwa sababu ulikuwa umetakata. Tangu alipoingia shule ya upili sikuwahi kukiona kidole chake hata kimoja kisicho na doa. Kwa ada yetu, muosha hasimulii alichokiona. Ndiyo maana nilimwendea mamake kwanza, nikamuuliza kama naweza kuyaandika haya. Akasema, "Andika, mama. Kusitiri kumetosha."

Marehemu alikuwa mtiaji hina. Alifunzwa na shangazi yake akiwa mdogo, akichorachora maua kwenye vigae vya sakafuni, akafuta, akachora tena, hadi mkono ukakubali. Mwanzo ilikuwa mchezo wa sikukuu. Ikawa kazi pale babake alipopoteza yake. Babake alikuwa karani wa kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yao ikiwa Shimanzi, na makasha yalipoanza kupakiwa kwenye treni moja kwa moja kwenda bara, ofisi nyingi kama ile zilifungwa. Yeye aliendelea kutoka nyumbani kila asubuhi, shati limepigwa pasi, mkoba kwapani. Alikuwa akienda kukaa Kilindini na makarani wenziwe wasio na kazi, wakingoja meli isiyo yao. Sote mtaani tulijua. Na kila asubuhi tulimwambia, "Haya, kazi njema," naye akatujibu, "Inshallah." Hayo kwetu huitwa sitara, na sisi watu wa kisiwa hiki tunajivunia sitara kuliko tunavyojivunia milango yetu ya nakshi. Mtu akilala na njaa nyuma ya mlango ule, jirani hujifanya amesikia harufu ya pilau.

Kwa hiyo binti ndiye aliyekuwa akilisha nyumba ile, Alhamisi jioni, Ijumaa na Jumamosi, siku za kupambwa mabibi harusi. Alivaa buibui na ninja, uso wote umefunikwa isipokuwa macho, ili mama za wanafunzi wenziwe wasimtambue. Alishika koni ya hina mkono wa kulia na kwa mkono wa kushoto akafuta makosa, na ndiyo sababu vidole vyake vya kushoto vilikuwa vyekundu, na vya kulia vyeusi kwa ile rangi nyeusi ya koni nyingine, tunayoiita piko. Yeye mwenyewe hakuwahi kujichora ua hata moja. Nilimtania siku moja, nikamuuliza mbona mpishi hali chakula chake. Akacheka, akasema, "Nikijitia mimi, bibi, n'taonekana nina mume. Na mume mwenyewe siyui yuko wapi."

Alikuwa akiisoma safu hii, na hakuwa msomaji mpole. Niliwahi kuandika hapa sifa nyingi za elimu, maneno ya kawaida tunayoyasema sisi tuliokwisha kusoma. Alasiri yake akaja na gazeti, akalilaza mezani mwangu, akaniamkia vizuri kama kawaida yake, "Masalkheri, bibi," kisha akanishambulia kwa habari ya njaa. "Bibi, ndaa shuleni twafunzwa kama ni ya watu wa mbali. Iko kwenye ramani, ina rangi yake. Lakini ukiingia nayo darasani wewe mwenyewe, ukasinzia, yaitwa utovu wa adabu." Nikamuuliza, basi shule huipendi? Akanitazama kama niliyemtukania mzazi. "Naipenda! Nisingeipenda ningelalamikia nini?" Na ni kweli aliipenda. Kemia aliipenda kuliko yote. Alinieleza kwa nini piko haiwi nyeusi ndani ya koni ila ikishapata hewa, akanieleza na hina nayo, huku akinichorea hewa kwa kidole mezani, nami nikaitikia kwa kichwa nisielewe hata nusu. Alitaka kuwa mfamasia. Alisema siku moja atatengeneza piko isiyounguza ngozi, kwa sababu alishaona mabibi harusi waliotoka malengelenge mikononi, na kila mara aliwasihi watie hina tupu wasimsikilize shoga wala wifi.

Sasa nitawaeleza kosa, na ni kosa ambalo lingeweza kutokea hapa kwetu tu. Mtu wa bara akiuona mkono wa msichana una rangi atauliza, hii ni wino? Sisi hatuulizi. Tumelelewa tukijua kwamba mwanamwali hatii piko, na mwenye piko ameshaolewa au yu njiani. Wasichana wa leo wanajitia kwenye Idi na hakuna anayewauliza, lakini jicho la mtu mzima bado linasoma vile vile. Wiki kadhaa zilizopita, Jumatatu moja, mwalimu wa nidhamu wa shule yake alipita akikagua mikono, akaviona vidole vile vyeusi, na kwa kuwa hii haikuwa mara ya kwanza, akakata shauri kwamba mtoto huyu ameolewa kwa siri. Simlaumu kwa ubaya wa moyo. Wasichana wanaozwa, sote tunajua, na mwalimu yule ameshawahi kuwapoteza wanafunzi wazuri kwa njia hiyo. Alimwita, akamuuliza mbele ya walimu wenziwe mumewe ni nani. Mtoto akasema hana. Mwalimu akamwambia arudi nyumbani, asikanyage darasani mpaka aje na babake au huyo mume, mmoja wapo.

Alikuja kwangu saa ile ile, bado yumo ndani ya sare, akanisimulia haya akicheka. Alicheka hadi ikabidi akae. Nikamwambia hili si la kuchekesha, na ndipo aliponieleza kilichokuwa kikimchekesha. Mwalimu yule, wakati anamnyooshea kidole na kumwambia mikono yake ni aibu kwa shule, mikono yake mwenyewe ilikuwa imepambwa hadi viwikoni, maua mapya ya harusi ya nduguye, na kucha zote nyekundu. Maua yale aliyachora marehemu. Ijumaa iliyotangulia alikaa miguuni pa mwalimu wake kwa muda mrefu, uso umefunikwa, akijibu kwa kichwa tu ili sauti isimtambulishe. "Ua moja nilikosea, bibi, hapa karibu na kifundo. Leo nilikuwa nalitazama lile kosa langu tu, yeye yuwanigombeza."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie mbele ya wenziwe? Angefedheheka." Kisha akaongeza, "Na wangeniuliza kwa nini nafanya kazi. Kisha wangeuliza kazi ya baba."

Akanitania kwamba labda aende kwa kadhi akaombe cheti cha kutoolewa. Lakini nilipomuuliza atafanyaje, kicheko kiliisha. Hakutaka babake aitwe. Babake akiketi mbele ya mwalimu ataulizwa anafanya kazi wapi, na jibu la swali lile ndilo ambalo nyumba nzima ilikuwa ikilificha. Njia nyingine aliyoitumainia ilikuwa kukaa nyumbani mpaka rangi ifutike yenyewe, arudi akiwa hana la kuulizwa. Ila rangi haifutiki kwa mtu anayetia hina kila wiki, na ilikuwa Shaaban, msimu wa harusi kabla ya Ramadhani, wakati ambapo nyumba ile hula kuliko miezi mingine yote. Mikono ikiwa safi atarudi shule, na nduguze watalala njaa. Nduguze wakila, yeye hasomi. Alijaribu kuvaa glavu za plastiki. Koni ikamteleza, bi harusi akanuna, na mama mtu akasema hawezi kumlipa mtu anayemshika mwanawe kama anayeshika samaki.

Basi akawa anasomea dirishani kwangu asubuhi badala ya alasiri. Wenziwe walimletea walichoweza, lakini mwanafunzi wa kidato cha nne naye ana mzigo wake, na baadhi ya siku hakuna aliyekuja. Alikuwa na mitihani ya mwisho mbele yake, na jambo moja tu alilolitaka duniani, kuifanya akiwa amekaa kwenye dawati lake. Nilijitolea kwenda shuleni mimi. Akanishika mkono, akaniapisha nisiende. "Bibi, wewe waandika gazetini. Ukienda wewe, mji wote utajua." Mamake naye alimbembeleza amwachie amwambie babake. Akakataa vile vile. Nikatii, kwa kuwa siri haikuwa yangu.

Siri ikatoka yenyewe, na ilitoka kwa mlango wa furaha. Babake alikuwa akipita barazani baada ya sala ya Ijumaa, na mzee mmoja akainuka kumkumbatia. "Mabruki, bwana! Twasikia umeoza. Hata sahani ya pilau majirani hatuioni?" Wazee wakacheka. Babake akacheka nao, akaitikia mabruki ile, akaingia nyumbani, na mamake marehemu ameniambia alivua kofia akaketi kwenye ngazi ya chini. Akamwita binti yake. Yote yakasemwa pale kwenye ngazi.

Siku ya pili ya shule baada ya hapo babake alikwenda shuleni, shati limepigwa pasi, mkoba kwapani. Alinisimulia mwenyewe matangani, kwa hiyo maneno haya ni yake. Mwalimu alimkaribisha kwa heshima, akamuuliza kama ni kweli amemuoza mtoto kabla hajamaliza shule. Akajibu, "La, mwalimu. Huyu hakuolewa. Huyu ndiye atulishae." Kisha akaeleza kila kitu, kuanzia Shimanzi. Alisema alidhani atakufa kwa aibu, na badala yake alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu kazi iishe. Mwalimu alisikiliza, akatokwa na machozi, akasema mtoto arudi Jumatatu. Akaweka sharti moja dogo, tena kwa sauti ya huruma. Wasichana wengine wakiona piko ikiruhusiwa kwa mmoja watajitia wote, kwa hiyo tafadhali, mzee, aje mikono ikiwa safi.

Jumamosi asubuhi mama mtu alikwenda sokoni Marikiti. Binti alikuwa na furaha ambayo ukutani kwangu niliisikia, alikuwa akiimba akipiga pasi sare. Kila mwanamke hapa anajua kwamba hina hupunguzwa kwa ndimu, na kila mtu ameshasikia kwamba piko ngumu hutolewa kwa dawa ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Yeye hakutaka kubahatisha, Jumatatu ilikuwa karibu. Akaingia bafuni, akafunga mlango, akavitia vyote viwili ndani ya beseni moja, akainamia pale akisugua. Daktari alitueleza baadaye kwamba viwili hivyo vikikutana hutoa mvuke wa sumu, na kwa mwenye pumu kama yeye, ndani ya chumba kisicho na hewa, ni hatari kubwa. Pampu yake ya pumu ilikuwa imekwisha tangu mwezi uliopita. Hilo nalo hakumwambia mtu, kwa sababu mwezi huo mdogo wake alikuwa hana viatu. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Mdogo wake wa kike ndiye aliyegonga mlango asijibiwe. Tulimkimbiza hospitali kwa tuktuk, mimi nimemlaza kifuani, na tuktuk zile zile ninazozitukana hapa kila mwezi zilitupisha zote njia nzima. Hatukuwahi.

Siku ya tatu ya matanga mwalimu wa nidhamu alikuja pamoja na darasa zima, wasichana ndani ya sare wakajipanga mkekani kimya. Mwalimu aliingia ameficha mikono ndani ya buibui. Alipoinama kumpa pole mama mfiwa ilibidi aitoe. Maua yalikuwa yamefutika yote, lakini hina ya kucha haifutiki upesi, hungoja kucha yenyewe ikue, na zilikuwa bado nyekundu kwenye ncha. Mama mtu alizitazama. Marehemu alikuwa amemsimulia kile kisa kama alivyonisimulia mimi. Akaishika mikono ya mwalimu yote miwili, akaiweka shavuni, akasema, "Hii kazi ya mwanangu." Mwalimu hakuelewa, mtu mmoja akamnong'oneza. Sitaandika sauti aliyoitoa. Ninachoweza kusema ni kwamba mama mfiwa ndiye aliyembembeleza mwalimu, na mikono ile hakuiachia mpaka watu walipoanza kuaga, kwa kuwa ndipo mahali pa mwisho ambapo kazi ya binti yake ilikuwa bado inaonekana.

Nilitoka nje kupata hewa, nikamkuta msichana mmoja wa darasani kwao amekaa kwenye ngazi, analia kwa hasira. Nikaketi ubavuni mwake. Akaniambia jambo ambalo tangu siku ile halijaniacha nikalala vizuri. Wakati marehemu amekaa nyumbani, darasa lao lilifundishwa somo la klorini. Mwalimu wa kemia aliwaletea dawa ya nguo darasani, akawaonya kwa kurudiarudia wasije wakaichanganya na ndimu wala siki, wasiitumie kwenye chumba kilichofungwa, akawaeleza mvuke wake hufanya nini kwenye mapafu. "Tulilisoma wiki ile hayupo, bibi. Yeye ndiye apendae kemia. Angekuwepo angelikuwa yuwauliza maswali mpaka kengele. Nami nilikuwa nimuletee, nikachoka, nikasema atalisoma akirudi." Nilimkumbatia, nikamwambia si kosa lake. Si kosa lake. Yeye ni mtoto aliyechoka.

Asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii tumezoea kuitumia kwenye kugawana nyama na halua. Sikujua kwamba inaweza kuwa nzito namna hii. Tunapomrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya kiatu, kwa sababu ya karo, kwa sababu ya doa kidoleni, tunadhani tunamnyima siku chache tu, atakuja azifidie. Lakini ni nani kati yetu anayejua ni somo lipi litafundishwa siku hizo? Huenda ni lile asilolihitaji maishani mwake. Huenda ni lile moja ambalo lingemrudisha salama kutoka bafuni. Na hatuwezi kuuachia mzigo huu ulale shuleni peke yake. Sisi tuliokuwa tukisema "kazi njema" kila asubuhi kwa mtu tuliyejua hana kazi, tulidhani tunamsitiri. Tulikuwa tukimfungia mlango kwa nje, na mtoto wake yumo ndani akisugua.

Sina la kuwaomba walimu na wazazi wa mji huu ila dogo. Akija mtoto mlangoni pa darasa na mikono michafu, msimrudishe. Mwacheni aingie kwanza. Maswali mtamuuliza akiwa ameketi.